Jiwe la Vifungo

Malangali, Sumbawanga
12 Mei 1996

Basi, kaka Felisiani, lile swali ulilonirushia kupitia dirishani wakati basi limeshaanza kutembea, jibu lake ni ndiyo: vifungo vyako vya baharini vimefunguka! Siku tatu nzima vilijikunja kama ngumi za mtoto mchanga, nikasema nimeua zawadi ya harusi hata picha hazijatoka. Siku ya nne asubuhi nikaondoa khanga juu ya tangi, nikapiga kelele mpaka Shigela akatoka bafuni na povu masikioni. Jiwe zima limechanua! Katikati kijani, pembeni rangi ya chungwa, kila kifungo na ndevu zake ndogo zinazocheza majini. Nimehesabu arobaini na kimoja. Bahari imekuja kukaa sebuleni kwetu, juu huku kwenye baridi, na mimi sijawahi hata kuiona.

Shikamoo. Furaha imenisahaulisha adabu. Mama hajambo, yuko kijijini na maharage yake, anasema ulezi mwaka huu umekubali. Sisi wawili hatujambo, na kaka, hilo neno "sisi wawili" nalipenda hadi nalitumia hata pasipohitajika. Juzi muuza nyanya aliniuliza nataka fungu ngapi, nikamjibu, "Sisi wawili tunataka moja." Shigela amefungua lile duka la dawa za mifugo karibu na soko. Jioni nikisikia baiskeli yake inaegeshwa ukutani, moyo unaruka kana kwamba sikumwona asubuhi.

Watu wa hapa bado wanakucheka. Miwani nyeusi kanisani, miwani nyeusi mezani, hata padri akakuuliza kama kuna jua sakristia! Mama anasema Dar imekuharibu. Mimi nilikutetea, nikasema ndiyo mtindo wa vijana wa huko.

Sasa niambie mambo mawili. Pakiti zako za chumvi zimebaki nne. Zikiisha, chumvi ya Uvinza haifai? Na la pili: ulisema "usivishikeshike" ukaishia hapo. Kwa nini? Jana nimekigusa kimoja kwa kidole, kinateleza kama ulimi wa ndama.

Mdogo wako mwenye furaha,
Otilia


Dar es Salaam
10 Juni 1996

Otilia, marahaba.

Barua yako ilinifikia tarehe sita. Nimefurahi kusikia Mama yu mzima. Mimi mzima.

Chumvi ya Uvinza ni ya mboga. Ukiitia mle, vifungo vyote vitakufa, maana maji ya bahari yana mengi zaidi ya chumvi. Nitatafuta njia ya kutuma pakiti nyingine. Maji yakipungua kwa sababu ya joto, ongeza maji matupu uliyoyachemsha na kuyapoza. Chumvi haipandi hewani, inabaki, na ukiiongeza utayafanya maji kuwa makali. Kile kijiti cha joto kiache kwenye alama niliyokuwekea, usikizimishe hata mchana. Huko kwenu Juni ni baridi na hivi ni viumbe vya maji ya uvuguvugu. Taa saa nane au tisa kwa siku, basi.

Kuhusu kuvishika. Usivishike tena kwa mkono mtupu. Vaa glovu. Ukiwa na kidonda au mchubuko, hata kwa glovu usitie mkono. Usiinamishe uso juu ya maji unapovisogeza. Ukimaliza, nawa kwa sabuni hadi viwikoni. Usilisugue lile jiwe kwa brashi, usilichemshe, wala usilimwagie maji ya moto ili kulisafisha. Wasomee wote wa nyumbani barua hii.

Sababu sioni haja ya kuieleza. Kazi hii naijua.

Mwandiko usikushangaze, naandikia gotini. Siko tena chumba cha matangi, nimehamishiwa getini. Ni kazi nzuri, ina hewa.

Nduguyo,
Felisiani


Malangali, Sumbawanga
4 Julai 1996

Kaka mpendwa, shikamoo, na pole kwa kuandikia gotini. Kampuni nzima inayopeleka samaki Ulaya kwa ndege inakosa meza ya mlinzi?

Barua yako nimemsomea Shigela. Alisikiliza kwa makini kama anasomewa amri kumi, kisha akaenda dukani na kurudi na glovu za kuzalishia ng'ombe. Kaka, zinafika begani! Nikizivaa nafanana na mtu anayekwenda kumtoa ndama tumboni mwa tangi. Tulicheka hadi tukakaa chini. Ndivyo ninavyovisogeza vifungo vyako siku hizi, nimevaa kama bwana mifugo, na mume wangu amesimama nyuma akinishika kiuno ili nisiingie mzima mzima. Kama hiyo siyo ndoa, sijui ndoa ni nini.

Habari kubwa ni kwamba mama mkwe amepanda kutoka Ilemba. Ni Msukuma wa mifugo, mama Kashinje, tunamwita mayu kama wanavyowaita mama zao, na unakumbuka alivyonitazama siku ya harusi, kama mtu aliyeuziwa ng'ombe asiye na pembe. Mfipa, na wa shule, na hajui kukamua! Amekuja kuangalia mwanawe anakula nini. Bonde kwao ni joto, hapa baridi imempasua visigino, magaga mpaka damu, maskini, kila jioni namkandia kwa maji ya moto.

Alipoliona tangi alilizunguka mara mbili.

"Hiki mnakifuga?"

"Ndiyo, mayu."

"Sisi tunafuga ng'ombe, anatoa maziwa, anatoa mbolea, anatoa mahari. Jiwe hili linatoa nini?"

Shigela akajibu, "Linatoa hasara tu, mayu, lakini ndilo linalomfanya mke wangu aimbe asubuhi."

Mayu akanitazama. "Kumbe huwa anaimba." Kaka, akatabasamu! Ndogo tu, upande mmoja wa mdomo, lakini nimeiona. Nataka mwanamke huyu anipende. Usiku na mchana ndilo ninaloliomba.

Barua yako yeye sijamsomea. Ningeanzaje? Ya kwamba kaka yangu ameleta nyumbani kwa mwanawe kitu kisichoguswa? Angesema nini juu yetu?

Umeme umekuwa wa shida kidogo na vifungo vimelala kidogo, lakini usijali.

Mdogo wako,
Otilia


Dar es Salaam
19 Julai 1996

Otilia, marahaba. Salamu kwa Shigela na kwa mama yake. Pakiti za chumvi nimempa dereva wa lori la Tunduma.

"Vimelala kidogo" maana yake nini? Vimejikunja, au vimeanza kuyeyuka na maji yananuka? Sema ukweli, sitakasirika.

Kama vimekufa usijaribu kuvifufua, na usilihifadhi jiwe. Vaa zile glovu na kinga ya macho, funika pua na mdomo, fungua madirisha. Litie kwenye ndoo ya maji yenye jiki nyingi ukiwa nje, mtu yeyote asikaribie, likae siku mbili, kisha lizike mbali na kisima na mbali na mifugo. Likifa linabaki vilevile. Nasema tena, vilevile. Likikauka pia.

Na huyo mama mwenye magaga umsomee barua yangu ya kwanza. Leo.

Felisiani


Malangali, Sumbawanga
31 Julai 1996

Kaka, shikamoo.

Sina salamu nyingine. Mama nimemtumia habari, sijui kama imemfika.

Barua yako ya tarehe kumi na tisa ilifika juzi Jumatatu. Mayu aliugua Jumamosi.

Nitakuambia kama ilivyokuwa, kwa sababu hapa hakuna ninayeweza kumwambia. Vifungo havikulala, vilikuwa vinakufa, nami niliona aibu kukuandikia hivyo. Umeme ulikatika siku sita mfululizo. Nilizungushia tangi blanketi letu la harusi. Niliweka chupa za maji ya moto majini, nikibadilisha kila saa, kama tunavyoipa joto pombe ya komoni isipotaka kuchachuka. Niliwasha jiko la mkaa sebuleni na kufunga madirisha, Shigela akarudi akalibeba nje mikono ikiungua, akanigombeza kwa mara ya kwanza tangu anioe. Siku ya saba maji yalikuwa meupe kama ya kuoshea mchele, na yananuka.

Nililitoa jiwe kwa glovu zile ndefu. Nililitii neno lako mpaka hapo, kaka. Lakini niliona kilichokufa hakina masharti tena. Nikaliweka juu ya ukuta nyuma ya jiko likauke, nilibakize kama kumbukumbu. Lilikauka likawa jepesi, kijivu, lina vitundu, na ukali wake ni ule ule unaofaa. Kila nyumba ya hapa ina jiwe kama hilo bafuni, la kusugulia visigino, na wewe unajua.

Jumamosi nilikwenda misa ya jumuiya. Mayu alikaa uani na beseni. Alilitia lile jiwe, akalimwagia maji yanayochemka ili kulitakasa, akainama juu ya mvuke kwa sababu mafua yalimbana, kisha akasugua visigino vyote viwili. Nilimkuta amefurahi. "Ng'wanawane," akaniambia, yaani mwanangu, hajawahi kuniita hivyo, "kumbe jiwe lako linatoa kitu. Tazama." Akaninyanyulia miguu. Ilikuwa safi, na damu kidogo kwenye nyufa.

Nililiona lile jiwe mkononi mwake, kaka, na sikusema. Nilisema moyoni, limekwisha kukauka, na ameniita mwanangu.

Jioni alisema mdomo una ladha ya msumari. Midomo ikafa ganzi. Jumapili asubuhi hakuweza kunyanyua miguu, misuli inamuuma akiguswa tu, anahema kama amepanda mlima, na mkojo mweusi kama chai ya rangi. Yuko hospitali kwenye oksijeni. Daktari ananiuliza alikula nini. Mjomba wake Shigela, mzee Ngeleja, amepanda kutoka Ilemba na wanaume watatu, naye ananiuliza hilo hilo, mbele za watu, tena na tena. "Mama alikula nini kwa mikono yako?" Nikisema ni jiwe, wanatazamana. Jiwe linaua nani? Nikisema kaka yangu ameandika, wanauliza huyo kaka si yule wa miwani, aliyelileta?

Shigela hajaniuliza kitu. Hajanitetea pia. Tangu Jumapili chai anakunywa kwa mama ntilie karibu na hospitali. Asubuhi nampikia, nafunika, jioni naikuta imefunikwa.

Kaka, ulijuaje? Hukuniambia kwa nini. Safari hii niambie, na umwambie daktari. Vinginevyo mimi hapa sina ndoa.

Otilia


Dar es Salaam
12 Agosti 1996

Otilia, mdogo wangu.

Barua yako imefika tarehe nane. Saa ile ile nilikwenda posta nikapiga simu ya maandishi kwa mganga mkuu wa hospitali yenu: MGONJWA KASHINJE AMESUGUA VIDONDA KWA TUMBAWE LENYE SUMU STOP SI CHAKULA STOP BARUA INAFUATA. Barua yake nimeiambatanisha humu, ina jina la tumbawe kama wanavyoliandika kwenye makasha ya kusafirishia. Hakuna dawa ya kuipinga sumu yenyewe. Wamsaidie kupumua, wamwekee maji mengi ya mshipani, waangalie moyo na figo. Akivuka siku zile za kwanza kuna matumaini.

Sasa nakujibu.

Sumu imo ndani ya vifungo vyenyewe, ndivyo vinavyojilinda baharini. Kuchemsha hakuiui, na mvuke wake ni mbaya kama maji yake. Kwa ngozi nzima, ukinawa, mara nyingi hupati kitu, ndiyo maana kidole chako kilipona. Kwa kidonda, kwa pua, kwa jicho, ni jambo lingine.

Tulikuwa tunavikata kwa wembe ili jiwe moja lizae mawe matatu. Glovu tulikuwa nazo, miwani ya kazi ilikuwa inaning'inia msumarini, nami niliona inanifanya nifanane na mzee. Februari, siku ya Alhamisi, kimoja kilinirushia maji jicho la kushoto. Kwa siku tatu nilidhani nitakufa kwa maumivu. Nilipona, ila jicho limefunga ukungu kama kioo kilichopumuliwa. Halioni. Ndiyo maana niko getini. Ndiyo maana mistari yangu inapanda na kushuka. Na miwani ile mliyoicheka haikuwa mtindo.

Ungeniuliza basi kwa nini nilikuletea kitu kilichonipofusha. Nimekaa siku nne nikitafuta jibu la kujisafisha, sikulipata. Katika vitu vyote nilivyopata kuviona Dar, hicho ndicho kizuri kuliko vyote, na nilitaka uwe nacho. Ningesema sababu, Mama angelia harusini na wewe ungekikataa. Nikakupa amri bila sababu. Amri ya namna hiyo mtu huitii mpaka pale inapomchosha. Kosa la kwanza ni langu, na barua hii msomee yeyote, hata huyo mzee Ngeleja. Hasa yeye.

Lile jiwe liko wapi sasa? Lifanye kama nilivyoandika. Na beseni pia.

Felisiani


Malangali, Sumbawanga
9 Septemba 1996

Kaka yangu, shikamoo, tena kwa magoti yote mawili.

Mama hajambo. Nilimwendea kijijini, nikamsomea mimi mwenyewe habari za jicho lako. Hakulia. Aliuchochea moto, akasema, "Nami nilimwambia Dar imemharibu." Kisha akaenda kanisani.

Mayu yu hai. Nianze hapo. Alikaa hospitali siku kumi na tisa. Siku ya simu yako ya maandishi daktari aliniita, akaisoma mara mbili, akasema, "Hili sikupata kulisikia, lakini linafanana na ninachokiona." Kuanzia siku hiyo hakuniuliza tena habari za chakula. Ameshuka Ilemba kwa gari la mzee Ngeleja, anatembea na fimbo, miguu bado haijarudi yote.

Jiwe na beseni nimeviloweka na kuvizika kama ulivyoelekeza. Tangi liko tupu, nimeligeuza chini juu.

Barua yako ndefu ilipofika, Shigela aliichukua kwangu. Aliwaita mzee Ngeleja na wenzake uani, akaisoma kwa sauti, ya jicho, ya wembe, yote. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Akachukua na zile barua mbili za mwanzo, akazisoma pia, na alipofika "wasomee wote wa nyumbani" akaacha kusoma, akasema, "Hapa na mimi nilikuwepo. Nilisikia, nikacheka, nikaleta glovu. Mama yangu hakusomewa, na kosa hilo si la mke wangu peke yake."

Mzee Ngeleja akasema, "Barua mtu anaweza kujiandikia."

"Na mhuri wa posta atajipigia?" Shigela akamwonyesha bahasha. "Tarehe kumi Juni, mjomba. Mama alikuwa bado Ilemba anakamua."

Mzee akaishika bahasha akaigeuza geuza kwenye mwanga. Akasema, "Basi ni jiwe," akaomba maji ya kunywa. Nikamletea. Akayanywa.

Walipoondoka nilichemsha chai, vikombe viwili, kwa mazoea tu. Shigela akaketi. Nikanyanyua kikombe chake nionje kwanza mbele yake, kama nilivyokuwa nimekusudia kufanya maisha yangu yote yaliyobaki ikibidi. Akanishika mkono. "Usionje," akasema. Akanywa nusu nzima ikiwa ya moto bado, machozi yakamtoka, akasingizia chai. Kaka, bado nampenda kupita kiasi, lakini siimbi asubuhi. Labda itarudi. Yeye anasema anaisubiri.

Ila mayu, tangu apone, hakuwa ametamka jina langu. Hospitalini alikula kwa mkono wa mwanawe tu. Nilikuwa nikimletea uji, anageukia ukutani. Sikumlaumu. Jumamosi ile nililiona jiwe mkononi mwake nikanyamaza, na hilo nimemwambia, peke yetu, kabla hajaondoka. Akachukua fimbo yake akatoka.

Wiki iliyopita Shigela alishuka Ilemba kumtazama, akarudi na ujumbe. Nakuandikia kama alivyonipa: "Mwambie mkwe wangu magaga yamerudi. Achukue jiwe la mtoni, asugue miguu yake mwenyewe siku saba, na mwanangu akiangalia. Akiwa bado anatembea, alilete, aje anisugue yeye, kwa mikono yake." Shigela alipomuuliza kama amenisamehe, akasema, "Nimesema aje na jiwe. Hayo mengine miguu itaamua." Kisha, Shigela akiwa ameshapanda baiskeli, akamwita. "Na yule wa jicho moja aje pia. Nataka kumwona bila vioo."

Basi kaka, omba ruhusa hapo getini. Dereva wa lori la Tunduma atakuleta, na miwani iache Dar. Jiwe nimelitoa mtoni mwenyewe, nimelichagua kama mtu anayechagua pete. Leo ni siku ya tano. Shigela anakaa juu ya kigoda akihesabu, visigino vyangu vimekuwa laini kama siku ile ya harusi, na natembea. Mwezi huu haujaisha utanikuta Ilemba, nimepiga magoti mbele ya beseni jipya.

Mdogo wako,
Otilia